Msilipige Saruji Kanisa la Chokaa

Wanangu wa kamati ya ujenzi, nimesikia mnachangisha fedha za kulikarabati kanisa la zamani la parokia yenu. Nimefurahi sana. Ila nawaomba mnisikilize kabla hamjanunua mfuko wa kwanza wa saruji.

Kazi ya uashi nimeifanya zaidi ya miaka 40. Nikiwa kijana niliitwa kwenye kanisa moja la kale la pwani, ambalo sitalitaja. Lipu yake ya chokaa ilikuwa imechubuka chini, karibu na sakafu. Niliibandua yote, nikapiga ya saruji, nikamalizia na rangi ya mafuta. Waumini walishangilia. Haikupita masika ya pili, ukuta ukaanza kutoka jasho, chumvi nyeupe ikachanua juu ya rangi, na lipu yangu ukiigonga kwa kidole inalia kama debe. Nilipoibandua ilitoka na uso wa jiwe. Jiwe lililokaa pale tangu kabla babu yangu hajazaliwa lilikuwa limegeuka unga, na aliyeligeuza ni mimi.

Jiwe lile lilikuwa la matumbawe, na jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunywa maji kutoka ardhini, na chokaa huyaachia yatoke nje polepole kwa upepo. Saruji huyafungia ndani. Maji yaliyokosa njia hupanda juu yakibeba chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe hulipasua kidogo kidogo. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Jua na mvua vikiutanua na kuusinyaza ukuta, kinachovunjika ni kile kilicho laini.

Mkitaka kuona kuta za chokaa zilizodumu, nendeni Bagamoyo mkaione misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, wakaweka pale kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya misheni, wakaanza upya. Mnara wa kanisa lao la kwanza bado umesimama. Humo ndimo ulimolazwa mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Karibu na mnara huo kuna kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914. Lakini mimi, nikienda, hukaa zaidi kwenye nyumba ya mapadri. Tazameni matao yake, ghorofa juu ya ghorofa. Matao yale yamebeba baraza, na baraza inaukinga ukuta wa vyumba usipigwe na jua kali wala mvua ya upande, huku upepo wa bahari ukipita. Aliyepanga vile aliijua pwani.

Vitabu vingi husema wamisionari walijenga. Ni kweli, ramani na fedha zilikuwa zao. Mawe nani aliyabeba? Nani alipanga magogo, akaweka matumbawe juu yake, akakesha na moto mpaka yakawa chokaa? Walikuwa watu waliotolewa minyororo, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Na ujuzi wa kuchoma chokaa haukuja na meli ya wamisionari. Ndio uliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani karne nyingi kabla ya misheni yoyote ya Bagamoyo. Kwa hiyo mkilibandua kanisa lenu chokaa yake, msidhani mnaondoa kitu cha Wazungu. Mnafuta kazi ya mababu zenu.

Bara, ambako hakuna matumbawe, misheni nyingi zilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na matofali yana mambo yake. Mimi nasema ninachokijua, yaani matumbawe na chokaa.

Sasa kanisa lenu. Anzeni na paa. Bati lililotoboka na mfereji ulioziba huua ukuta haraka kuliko umri, na kuvirekebisha si gharama kubwa. Kisha ondoeni udongo uliorundikana kwenye msingi, maji ya mvua yaende mbali. Hapo ndipo mguse lipu. Chokaa izimwe kwa maji na iachwe wiki nyingi iive. Ipigwe tabaka jembamba, inyunyiziwe maji, ifunikwe jua, isubiriwe, ndipo lije tabaka la pili. Kazi hii haiwezi kukamilika kabla ya sikukuu ya somo wenu. Paroko akiwahimiza, mwelezeni kwa adabu kwamba ukuta uliosubiri miaka mia unaweza kusubiri miezi sita. Na kabla ya yote, waulizeni watu wa malikale kama jengo lenu linalindwa na sheria, maana mengine hayaguswi bila kibali.

Msiwaachie wazee peke yao kazi hii. Mafundi tunaojua kuzima chokaa tumebaki wachache, na mimi mkono wa kulia hauinuki tena kama zamani. Chagueni vijana wawili miongoni mwenu. Waje kwangu Jumamosi, waje na mwiko na kipande cha lipu kilichoanguka kwenye ukuta wenu, tuanzie hapo.