Dhima ya Anayenunua: Vikwazo kwa Matajiri wa Vita vya Kongo

Vikwazo dhidi ya mtu binafsi ni amri ya serikali au ya chombo cha kimataifa inayofunga akaunti zake za benki, inayomzuia kuvuka mipaka, na inayowakataza wengine kufanya naye biashara. Amri hiyo haisubiri kesi. Jemadari aliyeongoza uvamizi akiwekewa vikwazo, ni wachache watakaomtetea. Ugumu huanza pale amri inapomfikia tajiri ambaye hajawahi kushika bunduki: mwenye kiwanda cha kusafishia dhahabu, mwenye ndege za mizigo, mnunuzi wa koltani. Ana dhima gani kwa damu iliyomwagika mahali ambapo hajawahi kukanyaga? Na kama anayo, ni haki kumfungia mali kabla hajasikilizwa? Kwa Afrika Mashariki, maswali haya yamejaribiwa zaidi katika Kongo ya mashariki.

Mwezi Agosti 1998 majeshi ya Uganda na Rwanda yaliingia Kongo yakiwaunga mkono waasi waliotaka kumng'oa Rais Laurent-Désiré Kabila. Dhahabu, almasi, kahawa, mbao na koltani vikaanza kutoka kwa ndege na malori kuelekea mashariki. Juni 2000 majeshi hayo mawili, yaliyokuwa yakishirikiana, yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani kwa siku sita, mabomu yakiangukia nyumba za raia. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliunda jopo la wataalamu kuchunguza uporaji. Ripoti yake ya Oktoba 2002 ilipendekeza kampuni 29 ziwekewe vizuizi vya fedha, na watu 54 wazuiwe kusafiri na kufungiwa fedha. Majina ya maofisa wa jeshi na ya wafanyabiashara yalikaa katika orodha moja, kwa kuwa vitani nako walikuwa wamekaa meza moja. Baraza la Usalama halikuyatekeleza mapendekezo hayo.

Badala yao, iliyodaiwa ikawa nchi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuivamia Kongo, kwamba ilikuwa mkaliaji wa Ituri, na kwamba iliwajibika kwa uporaji wa askari wake na kwa kushindwa kuuzuia. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo ikapanga fidia ya dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili zilizochukuliwa. Malipo yaligawanywa katika mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Sensa ya Uganda ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Deni hilo likigawanywa kwa vichwa, kila mmoja hubeba dola 7 hivi, pamoja na mtoto aliyezaliwa miaka 20 baada ya askari kurudi nyumbani. Aliyeuza dhahabu ile na kujenga ghorofa alilipa fungu lake kama mlipa kodi mwingine yeyote.

Kundi kulipia kosa la mmoja si jambo geni Ukamba, mashariki mwa Kenya. Kwa mila ya Wakamba, damu ya aliyeuawa ililipwa kwa ng'ombe, na mdaiwa hakuwa muuaji peke yake, ilikuwa ni mbai yake, yaani ukoo. Katika utui, yaani vijiji, kama zile zilizoko Matinyani, magharibi ya mji wa Kitui, wazee wa nzama, yaani baraza, waliketi na pande mbili mpaka hesabu ya mifugo ikakubalika. Haki ya utaratibu huo ilisimama juu ya jambo moja: ukoo ulilipa pamoja kwa sababu ulikula pamoja. Ng'ombe wa mahari waliingia zizini mwao, na kijana mkorofi waliweza kumwita na kumwonya, ikishindikana kumkana. Penye faida ya pamoja na uwezo wa kumzuia mkosaji, deni la pamoja lina maana. Mkulima wa Soroti, Uganda, hakuonja dhahabu ya Ituri, wala hakuwa na njia ya kumwita jemadari aulizwe. Akilipa yeye huku mfanyabiashara akiachwa, mzigo umewekwa kwenye bega lisilo lake. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa vikwazo vya mtu mmoja mmoja: vinarudisha deni kwa aliyekula.

Kwamba alikula haitoshi, hata hivyo. Lazima ijulikane alikula nini na alijua nini. Mtu wa Matinyani akiibiwa mbuzi usiku, kazi ya kumtafuta huanza sokoni. Mbuzi ana alama sikioni. Akikutwa kwa mchinjaji aliyemnunua alfajiri, nyuma ya kibanda, kwa nusu ya bei ya siku hiyo, mchinjaji hawezi kusema alimwona tu kama mbuzi yeyote. Bei yenyewe ilimwambia. Saa ya kuuziwa ilimwambia. Sheria ya Kenya inaliona hivyo pia: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, kifungo kisichozidi miaka 14. Maneno ya kupimia dhima ya tajiri wa vita ni hayo hayo: sababu ya kuamini.

Biblia, inayosomwa makanisani Matinyani kila Jumapili, ina kesi kali zaidi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Barua za kumwangamiza ziliandikwa na Yezebeli, ushahidi wa uongo ukatolewa na watu waovu, mawe yakarushwa na wengine. Ahabu hakufanya lolote katika hayo. Alichofanya ni kushuka shambani kulichukua, na hapo hapo, katikati ya mizabibu, Eliya alimkuta na kumtwisha mauaji pamoja na unyang'anyi. Nabii hakumuuliza kama aliamuru. Aliitazama miguu yake ilikosimama.

Ukamba wenyewe uliwahi kuwa shamba la Nabothi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba wa Machakos maelfu ya ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni, ikisema ardhi imechoka kwa mifugo mingi. Mwaka huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa ikianzisha kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Mwezi Julai maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliandamana hadi Nairobi kutaka kuonana na gavana. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Amri ilikuwa ya gavana na bunduki zilikuwa za polisi, lakini kila mwandamanaji alijua ng'ombe wanaelekea wapi. Anayesema mnunuzi hana siasa angepata taabu kuwaeleza watu wale.

Vikwazo vyenyewe vilifika Kongo polepole. Azimio 1596 la Aprili 2005 liliweka marufuku ya safari na kufungwa kwa mali za waliovunja zuio la silaha. Tarehe 29 Machi 2007 wafanyabiashara wa dhahabu waliingizwa katika orodha: Kambale Kisoni wa Butembo, pamoja na kampuni mbili za Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga. Dhahabu ilitoka Mongbwalu, Ituri, iliyokuwa chini ya wanamgambo wa FNI. Mchimbaji alipita kizuizi chao na kulipa, akashuka shimoni, akatoka na vumbi la dhahabu lililoshikwa kwa zebaki. Vumbi hilo lilipitia mikono kadhaa, likapimwa kwenye mizani ndogo za Butembo, likapanda ndege, na Kampala likawa bidhaa yenye hati za kuuzwa nje ambazo hazikutaja shimo wala kizuizi. Kisoni aliuawa Butembo mwezi Julai mwaka huohuo, na jina lake likaondolewa mwaka uliofuata.

Mzunguko huo umerudi kwa sura mpya. Tarehe 17 Machi 2022, majuma machache baada ya Urusi kuivamia Ukraine na matajiri wa Moscow kuanza kufungiwa mashua zao za kifahari, Marekani ilimwekea vikwazo Mbelgiji Alain Goetz pamoja na kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe. Mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuitwaa Goma Januari na Bukavu Februari, Marekani ilimwekea vikwazo Jenerali James Kabarebe wa Rwanda, na Umoja wa Ulaya tarehe 17 Machi ukakiweka katika orodha kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo cha Kigali. Rwanda inakanusha kuwa inaongoza vita hivyo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwa kina askari wake walivyokuwa ndani ya Kongo. Migodi ya koltani ya Rubaya peke yake, kwa hesabu ya wataalamu hao, iliwapa M23 angalau dola 800,000 kwa mwezi kwa ushuru. Vita vya namna hii haviendi bila mnunuzi. Kumzuia mnunuzi, basi, ni kuchukua kuni chini ya chungu.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inaposimama, na ina uzito wake. Anayeorodheshwa hakusikilizwa. Wanaotetea vikwazo hujibu kwamba kufunga mali ni kinga, si adhabu, kama kumshika mkono anayetaka kurusha jiwe. Jibu hilo ni la kweli kwa mwezi mmoja. Kwa miaka kumi, mkono ulioshikwa ni mkono uliofungwa, na aliyefungwa anastahili kujua kwa nini. Wakamba wa zamani walikuwa na king'ole, hukumu ya kifo ya watu wote dhidi ya mtu aliyeonekana kuwa hatari kwa utui. Ilikuwa hukumu ya kutisha, na hakuna sababu ya kuitamani irudi. Lakini hata humo hasira ya umati haikutosha: jamaa wa karibu wa mtuhumiwa alitakiwa kuridhia kwanza. Kiapo cha kithitu kilikuwa na lango kama hilo. Kwa kuwa iliaminika kwamba kiapo cha uongo huua hata ndugu na mifugo ya aliyeapa, mtu hakuapa mpaka ukoo wake ukubali. Chombo kikali kiliwekewa mlango mwembamba.

Vikwazo vya kisasa vilitengenezwa kabla ya mlango huo, na mahakama zimelazimika kuujenga baadaye. Mfanyabiashara wa Saudia Yassin Kadi alifungiwa mali kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba haki yake ya kujitetea ilivunjwa. Aprili 2024 mahakama ya Ulaya ilifuta maamuzi ya awali dhidi ya Warusi Petr Aven na Mikhail Fridman kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Kushindwa huko si sababu ya kuviacha vikwazo. Ni sababu ya kuandika mashtaka vizuri. Kwa orodha ya Kongo, aliyetajwa ana ofisi ya kupokea maombi iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, ambayo hupeleka barua yake kwa mataifa yale yale yaliyomtaja. Hilo ni pungufu kuliko alichokuwa nacho mtuhumiwa wa nzama.

Kosa baya zaidi ni kumhukumu tajiri kwa asili yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, akiwaita wanyonyaji. Maduka yao yakagawiwa wanajeshi na wapambe, tabaka jipya ambalo Waganda waliliita mafuta mingi. Hakuna aliyeulizwa alifanya nini, rangi ilitosha. Miaka sita baadaye Amin aliivamia Kagera, Tanzania, na waliokuwa wakinenepa chini yake walikuwa hao warithi wa maduka. Nabii Ezekieli anafundisha kwamba mtoto habebi uovu wa baba, na Kurani inafundisha vilevile kwamba hakuna anayebeba mzigo wa mwingine. Mafundisho hayo hayamkingi mke au mtoto ambaye jina lake limetumika kuficha mali ya vita: huyo ameshika mbuzi mwenyewe. Yanamkinga yule asiye na kingine zaidi ya jina la ukoo.

Vilevile yapo madhara kwa wanyonge. Rais Joseph Kabila wa Kongo alipopiga marufuku uchimbaji mdogo katika Kivu na Maniema, kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, wachimbaji walirudi nyumbani mikono mitupu na ada za shule zikakosa mlipaji, wakati biashara ya magendo iliendelea. Amri inayomlenga mwenye kiwanda kwa jina ina afadhali kubwa juu ya amri inayolifunga shimo.

Linabaki swali la mali yenyewe. Zakayo wa Injili alipotubu hakuishia kuacha dhuluma. Aliahidi kurudisha mara nne. Vikwazo havirudishi kitu. Fedha iliyofungwa hubaki benki, ni ya tajiri bado, na mjane wa Kisangani haioni. Fedha iliyolipwa na Waganda ilielekezwa kwa mfuko wa fidia wa FRIVAO, wenye makao Kisangani. Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria wa Kongo, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kuchota kutoka fedha hizo dola zipatazo milioni 19, zilizopangiwa ujenzi wa gereza.