Sahihi Si Picha

Vijana wangu wa Loresho, viwanja mnavyokalia vilinunuliwa kwa kalamu. Aliyeuza alishuka mjini kwa wakili, akatia sahihi mbele ya shahidi, hati zikapelekwa Ardhi House, kwenye wizara ya ardhi. Walaghai walikuwapo hata wakati huo. Wapo waliouza shamba la mtu kwa hati ya kughushi huku mwenyewe akinywa chai kibarazani pake. Lakini mwizi wa enzi hizo alitoka jasho: ajifunze mwandiko wako, atafute muhuri, amhonge karani. Wa leo anataka simu yako tu, nanyi mnampa.

Naona mnavyofanya. Mkataba wa nyumba unaletwa, unachora sahihi kwenye karatasi nyeupe, unaipiga picha, unaituma kwa WhatsApp, karani anaibandika chini ya ukurasa. Mnaiita sahihi ya kidijitali. Ile ni picha, na aliyenayo leo ataibandika kesho kwenye barua ya mkopo. Sisemi sheria inaitupa moja kwa moja. Kwa mambo madogo inaweza kukubalika. Shida huanza siku mnapokosana, mmoja akasema "si mimi." Picha haina la kujibu.

Sheria yetu ya Kenya ya Habari na Mawasiliano ya 1998 ilirekebishwa, na tangu mwanzo wa 2009 inatambua sahihi za kielektroniki. Iliyo juu kabisa inaiita sahihi ya kielektroniki ya hali ya juu, na haiipati mtu yeyote kwa kuchorachora. Sharti ifungamane na mwenye kuitia peke yake, imtambulishe, itengenezwe kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na ishikamane na waraka kiasi kwamba mtu akibadilisha chochote baadaye, itajulikana. Shikeni hayo maneno "peke yake." Humo ndimo uzito wa jambo lote ulimo.

Inavyofanya kazi si uchawi. Unapewa funguo mbili, ambazo ni namba ndefu mno. Mmoja ni wa siri, hukaa kwako. Mwingine ni wa wazi, yeyote anaweza kuuona. Programu inausoma waraka wote na kuufupisha kuwa namba moja, kisha ufunguo wa siri unaifunga namba hiyo. Anayepokea anaifungua kwa ule wa wazi na kuilinganisha. Ukiongeza sifuri moja kwenye bei ya ploti, namba hazitalingana. Lakini atajuaje kwamba ufunguo ule wa wazi ni wako, si wa mtu aliyejipa jina lako? Hapo ndipo cheti cha kidijitali kinapoingia. Mtoaji anakagua kitambulisho chako kwanza, kisha anatoa cheti kinachosema ufunguo huu ni wa fulani, hadi tarehe fulani. Na mtoaji mwenyewe hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo makao yake makuu yako hapo Waiyaki Way, barabara mnayoipita kila asubuhi mkilalamikia foleni.

Tarehe 18 Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Rais alitia sahihi sheria ya kurekebisha sheria za biashara. Tangu hapo hata mkataba wa kuuza ardhi unaweza kutiwa sahihi hiyo ya hali ya juu. Aprili 2021 ikazinduliwa Ardhisasa, huduma ya ardhi ya mtandaoni, ikianzia na rekodi za Nairobi hii yetu. Akaunti yako humo imefungwa kwenye kitambulisho chako na namba yako ya simu.

Sasa niambieni: nani anayejua nywila zenu? Kijana wa saiba anajua ya iTax, ile ya kodi, kwa sababu kila Juni unamkimbilia siku ya mwisho akujazie ritani. Binamu anajua ya eCitizen, ile ya huduma za serikali. Mchumba anajua namba ya kufungulia simu. Na namba ile ya mara moja inayoingia kwa ujumbe, mtu akikupigia kwa sauti tamu akajiita wa huduma kwa wateja, unamsomea yote! Kisha mambo yakiharibika unakwenda kwa hakimu kudai njia ya kutia sahihi yako ilikuwa mikononi mwako peke yako. Wakili wa upande wa pili atashukuru.

Wala msilale kwa sababu mna cheti. Mwaka 2011 kampuni moja ya Uholanzi, DigiNotar, iliyokuwa ikitoa vyeti hata kwa serikali yake, ilivamiwa na wadukuzi. Wakatoa mamia ya vyeti vya uongo, kimoja kwa jina la Google, kikatumika kupeleleza barua pepe za watu nchini Iran. Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Kwa hiyo ukiletewa waraka wenye cheti, kifungue: nani amekitoa, kimeisha muda, kimefutwa? Na kifaa chenye ufunguo wako kikipotea, usingoje Jumatatu. Mpigie mtoaji akifute cheti, kisha kampuni ya simu waifunge laini yako.

Jambo moja sheria imeliacha kwa kalamu: wosia. Sehemu ileile ya Sheria ya Habari na Mawasiliano inayokubali sahihi za kielektroniki imeutoa wosia nje. Sheria ya Urithi inataka wosia wa maandishi utiwe sahihi au alama mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na shahidi aliyeachiwa fungu humo anaweza kulipoteza, isipokuwa wawepo wengine wawili wasio na fungu. Basi atakayekuja siku nitakapofariki na wosia wangu kwenye simu, hata uwe na cheti cha kupendeza namna gani, mwambieni aurudishe alikoutoa. Wangu ni wa wino, uko kwa wakili, na mashahidi wake si nyinyi.