TAFAKARI YA RAMADHANI: Picha ya mwezi na swala ya mwezi



Wazee wangu, mama zangu, vijana. Leo Jumanne, 3 Machi 2026, mwezi unapatwa. Ila kwetu Ifakara ni mchana, kati ya saa 8 na saa 9, mwezi haujachomoza. Watakaouona ni watu wa Asia ya Mashariki, Australia na Amerika. Sisi tukishafuturu tutaona picha zao kwenye simu.

Je, tukiziona picha hizo tuswali Swalatul Khusuf? Hapana. Swala ile ni ya watu wa mahali unapoonekana. Picha haitudai swala.

Sasa tuligeuze swali. Kama picha haidai swala, inaweza kuwa badala ya swala?

Jumapili ya 7 Septemba 2025 ilikuwa zamu yetu. Mwezi ulianza kumegwa saa 1:27 usiku, muda wa Isha. Kuanzia saa 2:30 mpaka saa 3:52 ukafunikwa wote, ukawa mwekundu. Dakika 82. Watu wakainua simu, na wengi walichopata ni kidoa tu.

Jamani, kupiga picha si kosa. Kuna mgonjwa asiyeweza kutoka nje, unamwonyesha. Kuna mtoto wa madrasa, anajifunza ishara za Mola wake. Ila picha inachukua dakika moja. Zile 81 zilikwenda wapi? Mtu hawezi kusema alikosa muda.

Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema ni kwa ajili ya msiba ule. Mtume, pamoja na uchungu wa mzazi, akakataa. Akafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Tukiona hivyo tuswali, tuombe na tutoe sadaka.

Tuzingatie hapo. Yeye hakukubali ishara ya Allah igeuzwe kuwa habari ya nyumba yake. Sisi tunaigeuza kuwa habari ya ukurasa wetu: nani kapata picha kali, nani kawahi kurusha. Ubaya hauko kwenye kamera. Ubaya ni kuitwa, ukaitika kwa kujionyesha, kisha ukalala.

Ndiyo maana nasema tujiandae. Ijumaa, 28 Agosti 2026, majira ya saa 11 na nusu alfajiri, mwezi utaanza kumegwa kabla haujatua. Ndipo tunatoka kuswali Alfajiri. Tujifunze kuanzia sasa: rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, bila adhana wala iqama.

Piga picha yako moja, mwanangu. Kisha simu mfukoni, urudi kwenye safu.

Allah atukubalie funga zetu. Wabillahi tawfiq.