"MIMI MZIMA": JE, ASKARI HUYU ALIMDANGANYA MKEWE?

Kijana, simama kidogo! Usiitupe karatasi hii kabla hujajibu swali moja. Mara ya mwisho mtu anayekupenda alipokuuliza hali, ukasema "mzima", je, ulikuwa mzima kweli?

Babu zetu wengi waliandika neno hilohilo. Mwaka 1944 askari wa KAR, wale ambao wazee waliwaita Keya, walikuwa vitani Burma. Walikuwa vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani, tena wakati wa mvua kubwa za huko. Njia zote tope. Malaria iliangusha watu kama risasi. Chakula kiliangushwa na ndege. Wakatembea hivyo mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin, Desemba mwaka huo.

Sasa mchukue askari mmoja tu kati ya hao, tusimpe jina. Ana homa. Rafiki yake amezikwa juzi kando ya njia. Jioni anataka kumwandikia mkewe, lakini kuandika hajui! Wengi hawakujua. Basi anamwendea mwenzake aliyepita shule, anamtajia maneno, yule anaandika. Halafu ofisa anaisoma barua, maana ni marufuku kutaja mahali walipo au wanakokwenda. Ikifika kijijini, mke naye pengine hajui kusoma, anaipeleka kwa mwalimu au kwa mtoto wa jirani.

Hebu hesabu mwenyewe. Ni masikio mangapi hayo kati ya mume na mke? Utamwambia mkeo kwamba unaogopa, mbele ya watu wote hao? Utamwambia unalia usiku? Thubutu! Unasema, "Mimi mzima, hofu ni kwako tu." Basi, barua inafungwa.

Na mke anajibu vilevile: wote wazima, mvua imenyesha, watoto wanakusalimu. Kumbe mbuzi wameuzwa, na mtoto mdogo amelala na surua wiki ya pili.

Je, HUU NI UONGO?

Zamani ningekujibu haraka: uongo ni uongo, kwisha. Siku hizi sina haraka hiyo. Mke yule hakuwa mjinga. Alijua fika kwamba vitani hakuna mzima. Neno lenyewe halikumpa habari kubwa. Habari ilikuwa ile karatasi mkononi. Imefika! Maana yake siku ile alikuwa hai, na aliniwaza. Hata hilo halikuwa na hakika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Barua iliyotiwa posta Mombasa ingeweza kumfikia mke ikisema "mimi mzima", na alipoisema mumewe alikuwa mzima kweli, ila sasa yuko chini ya bahari.

Kwa hiyo mimi simhukumu aliyeficha homa yake. Lakini kuna kuficha kwa namna mbili, na hapa, kijana, tusitaniane. Kuna askari aliyeficha kidonda ili mkewe apate usingizi. Na kuna aliyeficha mwanamke wa kambini ili YEYE MWENYEWE apate usingizi. Maneno ni yaleyale, "mimi mzima", hata mwandiko ni wa mtu mmoja. Utawatofautishaje? Mimi naona hivi: wa kwanza, mkewe akija kujua, atamhurumia mume. Wa pili anaomba asijue kamwe.

Wengine wakajitetea kwa pesa. Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara, mkewe akaipokea bomani. Wako waliotuma pesa bila neno hata moja, mwezi baada ya mwezi. Watoto walikula, ndiyo, nasi tuwape heshima yao kwa hilo. Lakini shilingi haisemi kama mtu bado anakukumbuka.

Sasa njoo kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Vita vimekwisha. Askari wetu amerudi. Usiku wa kwanza wamekaa wawili tu motoni, hakuna mwandishi, hakuna ofisa, hakuna mtoto wa jirani. Mke anauliza, "Huko Burma kulikuwaje?" Naye anajibu, "Mvua tu." Anauliza yeye, "Na mtoto?" "Aliugua kidogo." Wamezoea! Ile huruma ya barua imekuwa ukuta ndani ya nyumba. Vitani alikuwa na sababu ya kunyamaza. Hapa motoni sababu iko wapi?

Na wewe je? Simu iko mfukoni, ofisa hakusomei ujumbe wako, hukumtuma mtu akuandikie. Mama anauliza hali, unajibu "fresh". Mchumba anauliza uko wapi, unasema bando limekwisha. Matope yako ni yapi, hata ujifiche hivyo? Yule aliyekuuliza juzi bado hajalala vizuri, na namba yake unayo.