Kalamu Nayo Hulazwa



Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa mchana wa kuchuma na usiku wa kutua. Amma baad: huu ni mwaka wa tatu naandika kijitabu cha Kiswahili cha kuwafundishia watoto twahara na Sala. Wako wanaoniharakisha, wakisema: “Sheikh, usiku ni mrefu, kesha, kimalizike kabla ya Ramadhani.” Nawashukuru kwa hima yao, lakini baada ya Isha kalamu yangu huilaza, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza: Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bibi Zainab, akichoka katika Sala huishika. Akaamuru ifunguliwe, mtu na asali maadamu ana nguvu, akichoka akae. Ikiwa Sala haikuwekewa kamba, kijitabu changu ni kitu gani hata nikifungie? Na mas’ala yanayonikaidi usiku hunifungukia baada ya Alfajiri, hali sikuongeza kitu ila usingizi.

Ya pili: itazameni Tafsiri ya Jalalayn, isomwayo misikitini mwetu. Jalaluddin Al-Mahalli alifasiri tangu Al-Kahf mpaka An-Nas, kisha Al-Fatiha, akafariki mwaka 864 Hijriya (1459). Nusu ikabaki. Mwaka 870 (1466) Jalaluddin As-Suyuti, kijana wa miaka 21, akaishika Al-Baqara mpaka Al-Israa, akaimaliza kwa siku 40. Basi kazi ya kheri si mali ya mikono miwili. Anayedhani kuwa akilala yeye ilimu italala, amejipa daraja isiyo yake.

Wala msifahamu kuwa nasifu uvivu. Jahazi hupandishwa pwani likatiwa kalafati ili lirudi baharini, si ili lioze mchangani. Mapumziko ni haki ya aliyefanya kazi, na alama ya mapumziko ya kweli ni kurejea.

Basi ewe mwalimu wa chuoni, ewe fundi wa milango, ewe mshona kofia: jiwekee kipimo cha kila siku. Usikipunguze siku ya uvivu, wala usikipite siku ya hamu. Mwili wako una haki juu yako, na watu wa nyumbani kwako wana haki. Kitakachobaki, Mwenye kazi anawajua watakaokimaliza.

Wabillahi taufiq.