Kufuli Mlangoni: Je, Mwenye Nyumba Aliyeokoka Afanye Nini?

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:10-13

Katika ushirika wetu wengi wanaweka akiba kwenye sako na chama wakiwa na lengo moja: kununua ploti na kujenga vyumba vya kupangisha. Ni lengo jema. Lakini kuna swali ambalo ni afadhali kuliuliza kabla ya kuchimba msingi. Tarehe 5 ikipita na mpangaji hajalipa, Mkristo ana haki gani juu ya mlango ule?

Wako wanaosema biashara ni biashara, kanisa ni Jumapili. Wengine wanasema aliyeokoka hawezi kumdai maskini. Neno la Mungu halikubaliani na hata mmoja wao.

Angalia somo letu. Musa anazungumza na mtu anayemdai jirani yake. Hamwambii afute deni. Haki yake ya kudai inabaki. Lakini anaambiwa asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua dhamana. Asimame nje, mdaiwa amletee. Na kama dhamana ni nguo ambayo maskini anajifunika nayo usiku, airudishe jua linapotua. Kumbe Mungu anajali deni, na anajali pia mdaiwa atalala wapi. Nguo ile ya kujifunikia, kwetu leo ni chumba. Mtu akikosa pesa ya nyama atakula sukuma wiki. Akikosa chumba, yeye na watoto wako nje usiku. Ndiyo sababu kupangisha nyumba si sawa na kuuza simu.

Sheria ya Kenya nayo iko karibu na Musa hapa. Kumtoa mpangaji ni jambo la kupitia mahakamani ama kwenye baraza linalohusika. Hata kukamata mali kwa sababu ya kodi kuna utaratibu wake na madalali wenye leseni. Kwenda na kufuli usiku, kung'oa mlango ama kukata stima ili mtu ahame, hiyo ni kujichukulia sheria mkononi.

Sasa tuongee ukweli. Wenye nyumba wengi wanaoweka kufuli si watu wabaya. Wamebanwa. Nilisoma biashara chuoni, na ninaamini ukali mwingi wa wenye nyumba huanzia kwenye hesabu, hata kabla mpangaji wa kwanza hajahamia.

Chukua mfano. Ndugu anajenga vyumba 10, kila kimoja 5,000 kwa mwezi. Anahesabu 50,000. Benki inataka 42,000, kwa hivyo anaona amebakiwa na 8,000. Lakini vyumba havijai vyote kila mwezi. Kimoja kikiwa wazi, anapokea 45,000. Tangu Januari 2024 ushuru wa kodi ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 kwa anayepokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Unakatwa kwenye pesa yote iliyoingia bila kutoa gharama, na unalipwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa 45,000, ushuru ni 3,375. Amebaki na 41,625. Hajalipa maji wala mlinzi, choo hakijaziba, na tayari hafikishi pesa ya benki. Mama wa chumba namba 4 akija kusema mtoto amelazwa, ndugu huyu atasikia nini? Atasikia benki. Huruma hana, kwa sababu hakuitengea hata shilingi moja.

Kama angejenga kwa awamu na kukopa kidogo, benki ikataka 25,000, mwezi huo huo angebaki na 16,625. Akiweka 5,000 ya ukarabati, bado anaweza kumngoja mtu mmoja mwezi mzima bila yeye mwenyewe kukosa usingizi. Yesu katika Luka 14 alituambia tukae chini kwanza tuhesabu gharama za mnara. Mimi naongeza: katika gharama hizo, hesabu na mwezi mmoja wa jirani yako.

Mtu atauliza, "Pasta, si watatuzoea?" Ni swali la haki. Wako wanaoweza kulipa na hawataki, wananunua televisheni na kodi hawajatoa. Kumbeba huyo si huruma, kwa sababu mzigo wake unawaangukia wengine: wadhamini wako kwenye sako, na wapangaji ambao kodi yao itapandishwa kufidia. Warumi 13 inasema tumlipe kila mtu haki yake, na mpangaji aliyeokoka asikie hapo pia. Lakini utajuaje asiyeweza na asiyetaka, kama unamjua kwa ujumbe wa M-Pesa tu? Mtembelee. Andikianeni mkataba. Toa risiti. Pesa ya dhamana uliyopokea siku ya kuingia iweke kando, kwa maana si yako; atakapohama unamrudishia, ukitoa tu gharama ya alichoharibu. Akishindwa, kubalianeni tarehe kwa maandishi. Na akikataa kabisa, fuata sheria, na useme naye kwa heshima hadi siku ya mwisho.

Neno moja la mwisho kwa wanaoanza mjengo. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Mnamo Aprili 2016 jengo la kupangisha liliporomoka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Usipunguze simiti na vyuma ili uongeze orofa. Hakikisha hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa pesa, na utumie mhandisi aliyesajiliwa. Huyo atakayelala chini ya dari yako hawezi kuona kilicho ndani ya nguzo. Anakuamini tu.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Je, mkopo ninaotaka kuchukua utaniachia nafasi ya kumngoja mtu mwezi mmoja?
2. Kama mpangaji, je, mwenye nyumba wangu akisikia nimeokoka, atafurahi ama atashangaa?

Bwana atujalie nyumba, na atujalie moyo wa kuzisimamia. Amina.