Kamari Iitwayo Bure

Katika nchi ya Marekani habari ya kamari, kwa sehemu kubwa, imeachwa mikononi mwa majimbo. Kila jimbo laweza kuiruhusu au kuikataza mipakani mwake. Ndiyo sababu Nevada iliihalalisha tangu 1931, na Utah hata leo haitaki bahati nasibu ya serikali. Basi miaka hii ya karibuni yamezuka makasino ya namna mpya, yachezwayo katika simu kwa njia ya intaneti, na wenyewe wasema kwamba hiyo si kamari hata kidogo. Majimbo kadhaa yamewajibu kuwa ni kamari tupu. Yafaa tuutazame ubishi huo, maana ndani yake mna swali lisilowahusu Wamarekani peke yao: je, jambo hugeuka kuwa halali likipewa jina ambalo sheria haikulitaja?

Mahakama za huko kwa desturi huitambua kamari kwa alama tatu: mtu atoe malipo, bahati iamue, na mshindi apate tuzo. Ikikosekana alama moja, hapana kamari. Kwa mlango huo wafanya biashara tangu zamani wameweza kugawa zawadi kwa kura ili kutangaza bidhaa zao, mradi waseme wazi kwamba si lazima mtu anunue kitu ndipo ashiriki. Wenye makasino mapya wameupita mlango ule ule, ila wao wamepita na ngamia. Humwuzia mchezaji sarafu ziitwazo za dhahabu, zisizoweza kugeuzwa fedha kamwe. Pamoja nazo humpa, kama nyongeza, sarafu za namna ya pili. Na hizi akizichezea akashinda, hubadilishwa kuwa dola halisi. Ukiwauliza, Mtu huyu amelipia nini? watakujibu: Amelipia zile zisizo na thamani; hizi zenye thamani amepewa bure. Tena ili kuuthibitisha ubure huo, wengi wao hukubali mtu aandike kadi kwa mkono wake, aitie katika bahasha, abandike stempu na kuipeleka posta, naye ataletewa sarafu chache za namna ya pili bila kulipa kitu.

Tuseme yuko baba mmoja huko Ohio. Ni saa sita ya usiku, watoto wamelala, naye amekwisha kutoa dola 50 na mchezo umezila. Je, ataondoka kitandani kutafuta bahasha na stempu? Atagusa kioo cha simu mara nyingine, na zitatoka dola 50 za pili. Hakuna atakayetuambia kwamba mtu huyu alikuwa na haja ya sarafu za dhahabu. Alinunua nafasi ya kushinda, na muuzaji ajua vema alichomwuzia. Mtu akiuza kamba kwa bei ya mbuzi, kisha akamtoa mbuzi kuwa nyongeza, hakuuza kamba.

Montana ilitangulia mwaka 2025 kutunga sheria iliyoyakataza waziwazi makasino hayo. Connecticut na New Jersey zikafuata mwaka huo huo, na kabla haujaisha California na New York nazo zikatia sahihi. Huko Louisiana baraza la sheria lilipitisha katazo, lakini Gavana Jeff Landry akalikataa, si kwa kuipenda michezo hiyo, bali kwa hoja kwamba sheria zilizokuwapo zilitosha. Mahali pengine pengi sheria haisemi neno, na ndipo penye soko.

Wako watu wenye busara, tena wasiopenda kamari, wasemao kwamba fedha ya mtu mzima ni yake, na kwamba anunuaye tikiti ya mpira naye harudi nyumbani na kitu mkononi. Twakubali nusu ya maneno hayo. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba mchezo wa bahati ni dhambi kwa nafsi yake. Sisi wenyewe parokiani tumeuza tikiti za kupigania mbuzi au baiskeli ili tupate mabati, na zile alama tatu zote zilikuwamo! Lakini kura ile hupigwa mara moja, mchana, mbele ya majirani, na aliyeshindwa aenda zake akiwa amepungukiwa na kiasi alichokijua tangu mwanzo. Kasino ya simuni haina mwisho wa siku wala jirani wa kumwambia mtu, Bwana, yatosha. Yachukua mpaka riziki ya wale waliolala chumba cha pili, ambao hawakuulizwa.

Hata hivyo tusidhani kwamba majimbo yaliyokataza yamefanya hivyo kwa usafi wa moyo. New Jersey imeyapa leseni makasino ya intaneti tangu 2013, nayo hutoza kodi. New York huendesha bahati nasibu yake yenyewe. Katika California wapiga kura wa mwaka 2000 waliyapa makabila ya wenyeji wa asili haki ya kuendesha makasino katika ardhi zao, na makabila makubwa ndiyo yaliyoipigania sana sheria mpya. Kasino yenye leseni ina faida zake, hatukatai: hukaguliwa, na kwa kawaida haimpokei aliye chini ya miaka 21, hali wengi wa hawa wapya hupokea wa 18. Lakini baba yule akihamia New Jersey, dola zake 50 zitapotea kwa halali, na serikali itapata fungu lake.

Jambo moja katika sheria ya California, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2026, limetupendeza. Mkono wake wamfikia mwenye kasino, na pia yeyote amsaidiaye kwa kujua: apitishaye malipo, atengenezaye michezo, atangazaye kwa ujira. Faini yaweza kufika dola 25,000, na kifungo mwaka mmoja. Twangoja kuona kama wakubwa wa fedha na wa matangazo watafikishwa mahakamani kwa fungu hilo, au kama litabaki karatasini.